Fundi wa Misalaba na Kaburi la Koplo Zakaria

Mwaka 1983, masika ikiwa imekolea na mitaro yote ya Tanga imefurika, nilikuwa na umri wa miaka ishirini na sita. Jumatatu ya tarehe 2 Mei ndiyo siku niliyoingia kwa mara ya kwanza katika karakana ya misalaba ya kanisa letu, kule Chumbageni, nikiwa nimejifunga kanga mbili na kuvaa viatu vya mpira vya mume wangu. Tangazo lililosomwa kanisani lilisema anatakiwa mwanamke wa kufagia na kumwagilia zege maji. Nilikuwa nimechoka kukaa nyumbani Nguvumali nikimtazama mwanamume aliyerudi vitani akiutazama ukuta.

Msimamizi wa karakana alikuwa Fundi Mkuu, Mbondei mrefu mwenye kikohozi cha saruji, ambaye hakuna aliyethubutu kumwita kwa jina.

“Shikamoo, Fundi Mkuu.”

“Marahaba. Unajua kusoma?”

“Najua.”

“Umesomea wapi?”

“Kisomo cha watu wazima, kwenye shamba la mkonge alikokuwa akifanya kazi baba yangu. Nilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na saba.”

Akaninyooshea kidole msalaba uliolala chini ya magunia mabichi. “Soma hapo.”

Nikasoma jina, nikasoma mwaka wa kuzaliwa, nikasoma na wa kufariki. Kisha nikamwambia, “Fundi, huyu alikufa kabla hajazaliwa.”

Aliinama, akatazama. Aliyeandika alikuwa ameugeuza mwaka 1982 ukawa 1928. Fundi Mkuu alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, halafu akawageukia mafundi wake wawili. “Mmemzika mtu kwenye tumbo la bibi yake, nanyi mnakunywa chai!” Kabla mwezi ule haujakwisha nilikuwa nimepewa msumari wa kuandikia, na ufagio ukawa wa kila mtu.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaonunua jiwe lililochorwa kwa mashine na kukabidhiwa siku hiyohiyo. Kwetu msalaba ulichukua karibu wiki mbili. Kwanza ilikuwa kalibu, yaani umbo la mbao ambamo zege humwagwa, nayo hupakwa oili chafu ya magari ili zege lisigandie mbao. Ndani ya kalibu hulazwa nondo mbili zilizofungwa kwa waya pale zinapopishana. Hiyo ndiyo mifupa yake. Zege lilichanganywa kwa kipimo cha moja, mbili na nne: ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga, nne za kokoto. Uso ukishasawazishwa kwa mwiko, mwandishi huja na msumari wake na ubao ulionyooka, akachora herufi. Akiwahi mno, herufi hujifumba kama jicho la mgonjwa. Akichelewa, saruji humkataa. Baada ya hapo ni magunia na maji, asubuhi na jioni, kwa wiki nzima, kwa sababu zege linaloharakishwa na jua hupasuka.

Wateja wetu wengi wa miaka ile walikuwa jamaa za askari. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979, lakini msiba wa mtu aliyezikwa mbali hauishi kwa mpangilio. Mama mmoja wa Muheza alikuja mwaka 1985, miaka sita baada ya kuletewa habari. Mwanawe alizikwa na wenzake kulekule. Alitaka msalaba shambani kwake, na pamoja na msalaba alitaka tuta la kaburi.

“Nipandishieni udongo kidogo tu, baba,” alimwambia Fundi Mkuu, “nipate mahali pa kulilia.”

“Mama, msalaba nitakupa. Tuta sikupi.”

“Udongo ni wangu, shamba ni langu!”

“Ni vyako. Lakini tuta ni la mtu, na hapo hapana mtu. Tutaandika mahali alipolala kweli, ili siku Bwana atakapokuja usianze kumtafuta mwanao chini ya mihogo.”

Yule mama alifunga upya ncha ya kanga yake. Kisha akasema, “Basi hilo neno Kagera liandikeni kubwa. Liandikwe kubwa kuliko jina la mtu yeyote.” Niliziandika herufi hizo mimi mwenyewe, nazo zilikuwa kubwa kuliko zote nilizopata kuandika.

Fundi Mkuu alikuwa na sheria mbili kuhusu misalaba ya askari, na sikupata kumwona akizivunja. Ya kwanza, cheo huandikwa chini ya jina, kwa sababu mtu alibatizwa kwa jina na cheo alikikuta jeshini. Ya pili ni hiyo ya tuta. “Sisi tunaandika mambo ambayo mwenyewe hawezi tena kuyasahihisha,” alituambia. “Ukimsingizia aliye hai, atakutukana. Huyu atakaa kimya mpaka siku ya hukumu, halafu wewe ndiye utakayeulizwa.”

Mwezi Januari 1988 nilihamishiwa upande wa mashamba ya mkonge, Muheza, kufungua karakana ndogo, na mwaka 1994 nikapelekwa Pangani; mume wangu alibaki Nguvumali, nami nikawa ninarudi nyumbani kila mwisho wa mwezi. Mkubwa wangu wa Pangani alikuwa Mwinjilisti, mtu mchangamfu, mhubiri wa sauti kubwa. Nilikuta misalaba ya makaburi ya kule inapasuka. Msalaba wa mzee mmoja aliyepigana Burma, askari wa zamani aliyeheshimiwa na Wakristo na Waislamu pia, ulikuwa umedondoka mkono wa kuume. Watu walikuwa wamekwisha kupata tafsiri: marehemu amekataa msalaba, ana damu ya watu.

Nilipiga nyundo mahali palipovunjika, nondo ikatoka nyekundu kwa kutu. Mafundi walionitangulia walichota mchanga ufuoni Ushongo, mchanga mweupe wa kupendeza, na chumvi yake ikaila nondo kutoka ndani. Mchanga wa zege ni wa mtoni, au ule uliooshwa kwa mvua nyingi. Nilimwonyesha Mwinjilisti.

Aliitazama ile nondo, akatazama huku na huku, akashusha sauti. “Mama, hii habari ya chumvi usiitangaze kwanza. Tangu mkono ulipodondoka, watu wamejaa kanisani.”

“Na familia ya yule mzee je?”

“Hao nao wamejaa.”

“Mwinjilisti, wajukuu wake wanaitwa wajukuu wa muuaji.”

Alikuna kidevu. “Haya, watangazie wewe. Mimi nitaimba pambio.”

Niliwatangazia Jumapili iliyofuata, nikiwa nimeishika nondo mkononi. Kanisa lilipungua kidogo, na yule mzee wa Burma akapata msalaba mpya wa mchanga wa mtoni ambao umesimama hadi leo.

Nilirudi Chumbageni mwaka 2001. Fundi Mkuu alikuwa amekwisha kufariki, nami nikakabidhiwa karakana. Katikati ya kazi hizo nilisoma. Nilifanya mtihani wa maarifa wa kuwaruhusu watu wazima kuendelea, na nilimaliza kidato cha nne nikiwa na miaka arobaini na sita. Siyataji haya kwa unyenyekevu. Nilijivunia wakati ule na ninajivunia sasa.

Sasa niseme habari za mume wangu.

Zakaria alikuwa koplo. Alikwenda vitani akiwa kijana wa miaka ishirini na sita, akarudi mzima wa viungo, na mwaka 1980 tulifunga ndoa. Alikuwa mwimbaji wa besi, mpole, asiyekunywa pombe. Katika kanisa letu, kabla ya watu kuikaribia Meza ya Bwana, mchungaji huwauliza kama wanazijutia dhambi zao zote kwa moyo wa kweli, nao hujibu pamoja: Ndiyo. Jumapili moja ya mwaka 1981 nilisimama kwenda mbele, nikaona mwenzangu amebaki kwenye benchi. Jumapili nyingine ya Meza alibaki tena. Nyumbani nikamuuliza.

“Ipo moja nisiyoijutia,” akaniambia. “Nilimpiga mtu risasi ng'ambo ya mto. Ninamhurumia, na usingizini ninamwona. Lakini nikirudishwa pale nitampiga tena. Sasa nikiulizwa kama ninajuta, nitasemaje ndiyo?”

“Wote wanasema, Zakaria. Unadhani wote wanajuta yote?”

“Wote ni wote. Mimi naulizwa mimi.”

Kwa miaka thelathini alikaa benchi la tatu kutoka mbele, upande wa madirisha, na kwa miaka thelathini watu wa benchi lile walimruka magoti kwenda Mezani. Wachungaji walibadilika. Wengine walimsihi, mmoja alimkemea. Wote aliwajibu kwa adabu na akabaki palepale.

Kanuni ya usharika wetu ilikuwa kwamba mshiriki asiyeikaribia Meza kwa miaka mitatu mfululizo amejitenga mwenyewe. Akifa, anazikwa kimya: wazee wa kanisa wanamsindikiza, mchungaji havai joho, kengele haipigwi, na karakana haitoi msalaba. Msalaba wetu ulikuwa neno la kanisa juu ya mtu, na haukutoka getini bila idhini ya Mchungaji Kiongozi. Nimewahi kuwarudisha watu wakilia mlangoni kwa kanuni hiyo. Hivyo, mume wangu alipoanza kukohoa damu mwaka 2011, nilijua kitakachofuata kuliko mtu yeyote mle ndani.

Alifariki nyumbani Nguvumali tarehe 9 Agosti 2011, mchana. Mchungaji Kiongozi alifika kabla ya jua kuzama. Alikuwa mtu mwema, na nataka hilo lieleweke, kwa sababu aliyoniambia aliyasema kwa huruma.

“Mama Naomi, ulikuwa naye alipokata roho?”

“Nilikuwa naye.”

“Hakusema neno lolote? La toba?”

“Aliomba maji.”

“Hata kutikisa kichwa? Ulipoomba, ulipotaja jina la Yesu, hakutikisa kichwa?” Akanisogelea. “Mama, wewe niambie tu kwamba alitikisa kichwa. Mimi nitavaa joho kesho, na kengele itapigwa, na msalaba utausimika wewe mwenyewe. Ni neno dogo.”

Ndani walikuwa wanamwosha. Nilisikia maji yakimwagika kwenye beseni.

“Alikuwa na akili zake mpaka mwisho,” nikamjibu. “Hakuulizwa, na hakujibu. Mchungaji, mtu huyu amekaa kwenye benchi miaka thelathini ili asiseme neno hilo bila kulimaanisha. Nikimsemea leo, itakuwa nimengoja afe ndipo nimshinde.”

Aliniomba nifikiri hadi asubuhi. Asubuhi nilikuwa na jibu lilelile.

Basi alizikwa kimya. Wazee wanne wa kanisa walikuja, wamevaa mashati ya kawaida. Waliokuja kwa wingi walikuwa askari wastaafu, watu wa dini zote, wakiongozwa na Sajini Athumani, jirani yetu wa Nguvumali aliyekuwa na Zakaria vitani. Hawakuwa na tarumbeta wala bunduki. Sajini aliwapanga mistari miwili, vikongwe wenye magongo na miguu ya vumbi, akatoa amri ya kusimama wima, nao wakasimama wima. Udongo ulipokwisha kurudi, sikuwa na kitu cha kuweka kichwani pa kaburi. Mtu mmoja alichomeka kijiti cha mvinje.

Kijiti hicho, na vingine vilivyofuata kila mchwa walipomaliza cha awali, ndivyo vilivyosimama pale kwa miaka kumi na miwili. Mji wetu una watu wapole wenye midomo mikali. Sokoni niliwahi kusikia nyuma yangu: “Fundi wa misalaba huyo! Wa kwake kamlaza na kuni.” Mwenzake akajibu, “Mganga hajigangi, mwanangu.” Niligeuka, nikanunua nyanya kwao wote wawili, nikawauliza fungu la bamia wameliacha wapi. Nyumbani nililia.

Binti yetu Naomi, ambaye ni muuguzi, alikasirika zaidi yangu. “Mama, karakana ni yako. Mwaga zege, chora jina la baba, kausimike. Nani atathubutu kuung'oa?”

“Hakuna atakayeung'oa.”

“Sasa?”

“Ndiyo shida yenyewe. Watauacha kwa kunionea huruma, na wote watajua kuwa umesimama kwa mlango wa nyuma. Baba yako hakupita mlango wa nyuma.”

“Baba yangu amelala chini ya kijiti kwa sababu ya vichwa viwili vigumu, chake na chako.” Alisema hivyo, na sikumkemea.

Nilileta shauri mbele ya baraza la wazee mwaka 2012, nikakataliwa. Nilirudi mwaka 2016 nikiomba Sajini Athumani asikilizwe, kwa kuwa ndiye pekee aliyeshuhudia mambo ya mtoni. Mwenyekiti wa wakati ule alijibu kwamba mbele ya baraza hushuhudia washiriki tu. Nilirudi karakanani nikaendelea kuandika misalaba ya watu wengine. Askari waliendelea kufa: wa Kagera, na baadaye vijana waliokufa katika ulinzi wa amani nchi za mbali, walioletwa ndani ya masanduku yaliyofunikwa bendera. Kila mmoja nilimwandikia jina juu na cheo chini, na kila nilipofuta saruji kwenye msumari nilikumbuka kijiti.

Nilistaafu tarehe 30 Juni 2020. Mtu aliyestaafu hupata nafasi ya kufikiri, hasa katika siku kama ile ya Mashujaa, mwezi Julai, anapowatazama wakubwa wakiweka shada, mkuki na ngao kwenye mnara. Ni heshima njema. Lakini nimeona kwamba taifa linajua la kumwambia askari aliyekufa, na kanisa linajua la kumwambia askari anayeondoka. Linamwombea, linamwekea mikono. Aliyerudi ndiye hatujui tumwambie nini. Tunamtaka aimbe besi kama zamani. Tunamuuliza swali lilelile tunalomuuliza mke aliyemsengenya jirani na mtoto aliyeiba sukari, kisha tunashangaa akichelewa kujibu. Mimi naamini kwamba Mungu hachoki kumngoja mtu anayechelewa kujibu kwa sababu anataka kujibu kweli. Siwezi kuthibitisha. Nimewazika wengi, na hakuna aliyerudi kunieleza.

Mwaka 2023 jimbo lilipata Mkuu wa Jimbo mpya, mtu wa maneno machache ambaye kaka yake alikuwa askari. Nilimpelekea shauri langu mwezi Septemba. Akaamua kwamba atakaa mwenyewe katika kiti cha baraza, na kwamba shahidi ni yule aliyeona, wa dini yoyote. Siku ikapangwa, Jumamosi ya tarehe 18 Novemba 2023.

Sajini Athumani aliingia na kanzu na kofia yake, akisaidiwa na gongo. “Hodi wazee. Mimi ni Mwislamu, msije mkasema sikuwaambia.”

“Tumeiona kofia, Sajini,” akajibu Mzee Mweka Hazina. “Kaa.”

“Nitasimama. Zakaria alinisimamia mimi.” Akaegemea gongo. “Nilikuwa katikati ya maji, bunduki nimeinyanyua juu ya kichwa. Ng'ambo palikuwa na mtu amenilenga mimi. Zakaria akamwahi. Tukavuka, wenzetu wakasonga mbele. Zakaria akabaki. Nikamwambia, yakhe twende, tutauawa hapa kwa ajili ya maiti! Hakunisikia. Akachimba kwa koleo letu lile fupi. Akamlaza yule mtu vizuri, akakata vijiti viwili, akavifunga kwa kamba ya kiatu chake. Nikamwambia, wee Zakaria, wajuaje kama huyu ni Mkristo? Huenda ni wa kwetu! Akasema, sijui, mimi nalijua hili moja tu. Nikaona isiwe taabu. Nikamsomea Fatiha, kwa tahadhari.”

Wazee walicheka, na kicheko kikakatika ghafla. Mimi sikucheka. Tulikuwa katika ndoa miaka thelathini na mmoja, na habari ya vile vijiti nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza.

“Kiatu kisicho na kamba kilibaki kwenye matope,” akaendelea Sajini. “Alitembea mpaka kambini mguu mmoja peku, na kamanda akamtukana.”

Mkuu wa Jimbo akauliza, “Alipata kukuambia kwamba anajuta?”

“Aliniambia akirudishwa atapiga tena. Sasa mimi niliyekuwa majini, wazee wangu, mnataka nimwombee ajute?”

Kisha Mzee Mweka Hazina, mwalimu mstaafu, akasimama. Hakuwa mtu wa chuki, nami ninaandika hoja yake kwa haki.

“Sajini, tunakushukuru, na tunafurahi kwamba u hai. Lakini swali la leo ni Meza. Kila aliyekaa hapa ana neno lake lililomkwama kooni. Kila mmoja wetu akibaki kwenye benchi mpaka awe safi, Meza itakuwa ya nani? Imewekwa kwa ajili ya watu wa namna ya Zakaria. Aliitwa miaka thelathini, akakataa. Tukisema hilo si kitu, tumewaambia wanetu kwamba Meza si kitu.”

Ilikuwa hoja nzuri. Hata leo sina jibu lake kamili. Nilipopewa nafasi nilisema nililokuwa nalo.

“Wazee, siombi mseme kwamba alitubu. Sikuomba mwaka 2011, siombi leo. Kanuni inasema alijitenga. Aliyejitenga hubaki nyumbani. Huyu alikuja kila Jumapili, akakaa mahali ambapo kila mtu alimwona, na hakupata kutoka kabla ya baraka. Alingoja. Naomba mseme tu kama anayengoja mlangoni ni wa nyumba hii au si wa nyumba hii.”

Tulitolewa nje, Sajini na mimi. Tulikaa kibarazani. Alinipa tende kutoka mfukoni mwa kanzu, akasema, “Kula, shemeji. Hukumu haisikiki vizuri kwa njaa.” Niliitia mkobani.

Walipotuita, jua lilikuwa limehamia upande wa pili wa jengo. Mkuu wa Jimbo alisoma akiwa amesimama: baraza limeona kwamba Koplo Zakaria alikufa akiwa mshiriki wa usharika huu, jina lake litasomwa Jumapili ya kuwakumbuka waliolala, kaburi lake litapewa msalaba wa kanisa, haya yote kwa kumhurumia mjane wake. Kuhusu jambo lililo kati yake na Mungu, baraza halina la kusema.

Nilibaki nimesimama. “Ninaomba maneno ya huruma kwa mjane yaondolewe.”

“Mama,” akanong'ona Katibu, “umekwisha kupata.”

“Yakibaki, mtakuwa mmenipa mimi. Msalaba ni wake.”

Mkuu wa Jimbo alinitazama, akachukua kalamu, akayapiga mstari. Akasoma upya, mara hii bila huruma, wazee wakanyoosha mikono. Tisa waliunga mkono, wanne walipinga. Akaweka sahihi, na shauri likafungwa.

Nje, wengi walikuja kunipa mkono. Mzee Mweka Hazina alikuja wa mwisho, kofia mkononi.

“Mama, nilinyoosha mkono kupinga.”

“Niliuona.”

“Na likirudishwa kesho, nitapinga tena.”

“Najua, Mzee.” Nikafunga mkoba wangu. “Jumatatu nitakwenda karakanani kuuandika. Utakuwa tayari Jumamosi ya tarehe 2 Desemba. Ni msalaba mzito, gari halifiki kaburini, na hao tisa walioniunga mkono karibu wote ni wagonjwa wa mgongo.”

Alitazama chini, akaigeuzageuza kofia yake. Kisha akauliza, “Saa ngapi?”